Samaki Wako Hafi kwa Ugonjwa: Anauawa na Bakuli, Mkate na Kapsuli

 

Leo siandiki kuhusu sato wala kambale. Naandika kuhusu samaki wa mapambo, wale wanaofugwa kwenye kioo sebuleni, na sitazunguka mbuyu. Ujumbe ninaoletewa kuhusu samaki hawa una sura moja: "Afisa, samaki wangu wanakufa mmoja mmoja, niwape dawa gani?" Nikiuliza wanaishi kwenye chombo gani, naambiwa bakuli la kioo. Nikiuliza wanakula nini, naambiwa mkate, au chakula cha dukani asubuhi, mchana na jioni. Nikiuliza wamekwisha kupewa dawa gani, naambiwa kapsuli ya rangi mbili kutoka duka la dawa, imefunguliwa na unga wake ukamwagwa ndani ya maji.

Msimamo wangu ni huu: samaki wengi wa majumbani hawafi kwa ugonjwa waliokuja nao. Wanakufa kwa sababu ya maji machafu tunayowatengenezea sisi wenyewe, halafu tunamalizia kazi kwa dawa isiyowahusu. Anayeuza samaki pamoja na bakuli, akamwambia mteja ampe chakula mara tatu kwa siku, anajua au anapaswa kujua kwamba mteja huyo atarudi kununua samaki mwingine mwezi ujao. Mimi siiti hiyo biashara. Mteja ametozwa fedha kwa kunyimwa elimu.

BAKULI SI NYUMBA YA SAMAKI

Samaki hana choo cha nje. Anakula, anakojoa na anapumua ndani ya maji yaleyale. Sehemu kubwa ya uchafu wake hutoka kupitia matamvua ikiwa amonia, na amonia ni sumu. Inaunguza matamvua yaleyale anayopumulia. Maji yanaweza kuwa meupe kama ya chupa, macho yako yasione kitu, na samaki akawa anaungua.

Tufanye hesabu ndogo, maana wengi wanadhani natia chumvi. Chukua gramu 1 ya chakula cha samaki chenye protini asilimia 40.  Ndani yake kuna miligramu 400 za protini. Karibu asilimia 16 ya protini ni nitrojeni, yaani miligramu 64. Tuseme nusu yake tu ndiyo inatoka kama amonia, miligramu 32. Kwenye bakuli la lita 5 unapata zaidi ya miligramu 6 kwa kila lita. Kwenye tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 35, ambalo ni lita 63, chakula kilekile kinatoa nusu miligramu kwa lita. Kiwango tunachokitaka ni sifuri, na ikifika miligramu 1 tayari ni hatari, hasa maji yakiwa ya moto. Kwa hiyo mwenye bakuli amevuka mstari kabla jua halijazama, kwa gramu moja tu ya chakula.

Kwenye tangi lenye chujio wapo bakteria rafiki wanaoishi kwenye sponji, mawe na changarawe. Kundi la kwanza linageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili linageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia kwa kiasi, nawe unaipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hawa huchukua wiki 4 hadi 6 kuzaliana vya kutosha kwenye tangi jipya. Je, aliyekuuzia tangi na samaki kumi siku moja alikwambia hilo?

Halafu kuna uongo ninaousikia sana: "Samaki anakua kulingana na chombo." Goldifishi akitunzwa vizuri anazidi sentimita 15, na anaweza kuishi miaka 10 na zaidi. Akibaki mdogo kwenye bakuli, ujue amedumaa. Mtoto aliyedumaa hatusemi amejipima na nyumba ya baba yake. Kwa nini tuseme hivyo kwa samaki?

Na kwa wenzangu wa Pwani na Dar es Salaam: goldifishi ni samaki wa maji ya baridi kiasi, nyuzi 18 hadi 24. Maji ya nyuzi 20 hubeba karibu miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 yanabeba kama saba na nusu tu. Ukimwona goldifishi wako anapanda juu na kufungua mdomo, usifurahi kwamba anakuomba chakula. Huenda anatafuta hewa. Wewe ukishamwongezea chakula, umemchimbia kaburi.

MKATE NI SUMU YA POLEPOLE

Nasema kwa herufi kubwa ili tuelewane: MKATE, CHAPATI, UGALI, WALI NA BISKUTI SI CHAKULA CHA SAMAKI WA MAPAMBO. Mkate unavimba majini, unaoza, unakula oksijeni na kuchafua maji. Goldifishi hana tumbo la kuhifadhi chakula kama letu. Chakula kinapita kwenye utumbo moja kwa moja, ndiyo maana anaonekana ana njaa kila saa. Ukimfuata anavyoomba, utamlisha mpaka afe.

Kanuni ya kulisha ni fupi:

1. Mpe mara moja au mbili kwa siku, kiasi anachomaliza ndani ya dakika 2. Kinachobaki kitoe kwa kichujio kidogo cha mkono.
2. Siku moja kwa wiki usimpe kitu. Hafi njaa. Samaki mzima mwenye afya anaweza kukaa wiki nzima bila kula, kwa hiyo ukisafiri siku tatu usimwachie jirani kopo zima.
3. Goldifishi mpe chakula chake maalumu. Mara moja kwa wiki mpe njegere iliyochemshwa bila chumvi, ukaimenya na kuisaga kidogo. Inamsaidia tumbo.
4. Umeme ukikatika, usilishe. Chujio na pampu ya hewa vimesimama, na chakula kinaongeza uchafu wakati oksijeni inapungua. Chota maji kwa kikombe uyamimine kutoka juu, rudia mara kadhaa, mpaka umeme urudi.

Wenye kufuga mbuna wa Ziwa Nyasa nao nawaambia: samaki huyu kwao anakwangua mwani kwenye mawe. Mtu anamnunua, anamlisha nyama na moyo wa ng'ombe ili "anenepe", halafu analalamika samaki amevimba tumbo na kugoma kula. Mbuna anataka chakula cha mimea kwa wingi, mawe ya kujifichia, na maji yasiyo na tindikali. Inauma kuona samaki wa ziwa letu anajengewa tangi kubwa la mawe na watu wa Ulaya ambao hawajawahi kufika Kyela, wakati sisi wenye ziwa tunamlisha kama mbwa.

KAPSULI YA RANGI MBILI

Hapa ndipo ninapokasirika zaidi.

Samaki akionyesha mapezi yaliyobana, akikaa pembeni, akigoma kula, watu wanakimbilia antibiotiki za binadamu. Tuone inafanya nini. Kwanza, haiondoi amonia hata tone. Pili, inaweza kuua bakteria rafiki kwenye chujio, wale waliokuwa wakisafisha maji, kwa hiyo amonia inapanda zaidi. Tatu, ugonjwa unaoonekana mara nyingi kwenye samaki hawa, wa madoa meupe kama punje za chumvi mwilini, unaletwa na kimelea ambaye si bakteria. Antibiotiki haimgusi. Samaki akipona baada ya kapsuli, mara nyingi ni kwa sababu uliyabadilisha maji siku hiyohiyo. Akifa, muuzaji anakwambia ulichelewa kumpa.

Halafu maji hayo yenye dawa yanakwenda wapi? Kwenye mtaro, kwenye bustani, kwenye kijito. Nchi yetu imekuwa na mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa tangu 2017. Tunawahubiria wafuga kuku wasichanganye antibiotiki kwenye maji ya kunywa ya kuku bila ushauri wa mtaalamu. Tunawaambia akina mama wasigawane dawa za watoto. Kisha mtu huyohuyo anamwaga kapsuli nne kwenye bakuli la samaki wawili, na muuza duka la dawa anamwuzia bila kuuliza ni za nani. Dawa inayokosa nguvu leo kwenye kioo chako ni dawa ileile utakayoihitaji siku mwanao akiugua.

WATAKAONIPINGA

Najua yatakayosemwa. Wa kwanza atasema: "Wa kwangu amekaa bakulini miezi sita na mzima." Ndugu yangu, samaki wa miaka 10 akiishi miezi sita, hiyo ni sawa na kujisifu kwamba ng'ombe wako alifika umri wa kuachishwa ziwa. Usinipe sifa ya kuchelewa kufa.

Wa pili ni muuzaji. Atasema: "Mteja hana hela ya tangi kubwa, nikimwambia ukweli ataondoka." Aondoke. Au mwuzie samaki anayefaa mfuko wake. Tangi la lita 40 lenye chujio dogo la sponji, na gapi wanne au watano, halimshindi mtu anayenunua samaki wapya kila mwezi. Gapi anapenda joto letu la Pwani na hahitaji hita. Kwa mikoa ya baridi kama Njombe na Mbeya hita inahitajika kwa samaki wa joto, na hapo ndipo goldifishi kwenye tangi la kutosha ana nafuu. Muuzaji anayesema ukweli atapata mteja wa kununua chakula na sponji kwa miaka. Anayeuza bakuli atapata mteja wa miezi miwili, kisha mtu wa kumsema vibaya mtaani.

Wa tatu ni wenzetu wa kazini, wanaosema afisa wa serikali hana sababu ya kuhangaika na samaki wa kuangalia wakati wafuga samaki wa kula wana shida. Nami nawajibu: amonia haijui kama samaki ni wa kula au wa kuangalia. Mtoto anayejifunza leo kwamba samaki akilishwa kupita kiasi anakufa, kesho ndiye atakayechimba bwawa na kulisha sato kwa kipimo. Mtoto anayejifunza kwamba samaki akifa unanunua mwingine, atabeba fundisho hilo kwa kuku, mbuzi na ng'ombe. Pale sebuleni ndipo darasa la ufugaji linapoanza kwa watoto wengi wa mjini.

FANYA HIVI KUANZIA LEO

Kama una samaki kwenye bakuli, usimtupe na usimpeleke mtoni. Mtafutie chombo kikubwa, hata beseni la plastiki la lita 50 ambalo halijawahi kuwekwa sabuni, uweke chujio la sponji na pampu ya hewa.

Kila wiki badilisha robo ya maji. Kwa tangi la lita 63 hiyo ni lita 16 hivi, yaani ndoo ya lita 20 isiyojaa. Usimwage maji yote na kusugua kioo kwa sabuni, utawaua bakteria rafiki na kumshtua samaki.

Sponji lioshe ndani ya maji uliyotoa kwenye tangi. Usilioshe bombani, kwa sababu klorini inaua bakteria.

Maji ya bomba yaweke kwenye ndoo wazi saa 24 kabla ya kuyatumia, ili klorini ipae, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Maji ya kisima kirefu hutoka na oksijeni kidogo, yapigie pampu ya hewa usiku mzima. Kama kisima chako kina chumvi, usiyatumie kwa goldifishi.

Samaki akionekana mgonjwa, hatua ya kwanza ni kusimamisha chakula na kubadilisha robo ya maji siku hiyo, na tena kesho yake. Pima amonia kama una kipimo. Hali isipobadilika ndani ya siku mbili, piga picha ya samaki na ya chombo chote, umwonyeshe afisa uvuvi au daktari wa mifugo wa kata yako kabla ya kununua kitu chochote dukani.

Na ukienda kununua samaki, mwulize muuzaji maswali matatu: anafikia ukubwa gani, anahitaji lita ngapi, na anakula nini. Akishindwa kujibu hata moja, rudisha fedha yako mfukoni.

Swali lako liandike hapa chini, na useme ukubwa wa chombo chako kwa lita. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1000. Swali lisilo na lita sitalijibu, maana nitakuwa nakisia, na kukisia ndiko kulikotufikisha hapa.

Wiki ijayo tunarudi kwenye mabwawa: kiasi cha kulisha vifaranga vya kambale. Ufugaji mwema.