Rompuani si kipilefti

Kila siku ya kazi, kuanzia saa moja ya asubuhi, mji wa Goma huelekea upande mmoja. Chanzo ni ardhi yenyewe. Kusini tumezuiwa na Ziwa Kivu, mashariki na mpaka wa Rwanda, na kaskazini yupo Nyiragongo, ambaye Januari 2002 alimwaga lava hadi katikati ya mji. Nafasi iliyobaki ni ya magharibi, njia ya Sake, na huko ndiko mji umetanuka: Ndosho, Lac Vert, Mugunga. Vita vya Rutshuru na Masisi vimeongeza watu, hasa tangu Juni 2022, Bunagana ilipochukuliwa na M23. Lakini maduka ya Birere, benki, ofisi nyingi na barieri mbili za kuvukia Gisenyi zimebaki upande wa mashariki. Basi anayetoka Mugunga na anayetoka Ndosho hukutana kwenye barabara ileile na kukwama kwenye rompuani zilezile.

Mengi yamesemwa kuhusu ambuteyaji hii: barabara ni chache, mashimo ni mengi, moto zimezidi. Yote ni kweli, na mwanafunzi wa lugha hana tingatinga. Lakini ipo sehemu ya tatizo inayotuhusu sisi wa kitivo hiki, nayo ni kwamba sheria ya barabara haisemi lugha ya wanaoitumia barabara.

Tazama rompuani ya Signers au ya Tshukudu wakati huo wa asubuhi. Wanafika kwa pamoja motari mwenye abiria wawili, basi dogo lililojaa wanafunzi, lori la mizigo, na kijana wa tshukudu aliyeteremka kutoka Kibumba na magunia yake. Swali lililo mbele yao ni moja: nani apite kwanza? Sheria inazo kanuni za kupishana. Ni Sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, na imeandikwa kwa Kifaransa. Lakini motari wengi walijifunzia kazi kwa rafiki au ndugu, kwa Kiswahili. Walifundishwa gia, klachi na freni, yaani maneno ya chombo. Maneno ya kupishana na mwenzako hawakupewa. Kwa hiyo jibu hutolewa na honi, au na mwenye gari kubwa zaidi. Wawili wakigombana «miye njo wa kwanza» kwa dakika mbili, walio nyuma wanajaza kila upenyo, na hapo hata aliyeshinda ugomvi hana pa kupita.

Wenzetu wa Dar es Salaam hali kama hii huiita foleni, neno linalotupa picha ya watu waliojipanga. Letu limetoka kwenye chupa ya Kifaransa, na picha yake ni ya shingo nyembamba isiyopitisha kitu. Kwa Goma, nadhani letu ni sahihi zaidi.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 haikutuacha bila msaada. Kifungu cha 1 kinataja Kiswahili kuwa moja ya lugha 4 za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Kifungu cha 142 kinaitaka Serikali isambaze sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha hizo, katika siku 60 tangu sheria kutangazwa. Mwanasheria atasema kwamba sheria ya 1978 ilitangulia Katiba hii. Sawa. Lakini maana ya kifungu iko wazi: si haki kumdai mtu atii neno ambalo hakuambiwa kwa lugha anayoielewa.

Wapo watakaojibu kwamba kazi imekwisha kufanyika, na kwamba tuchukue tu vitabu vya Tanzania. Hapo ndipo ninapowaomba walimu na wenzangu wasimame kidogo. Tanzania rompuani huitwa kipilefti. Tunaupenda mfano huu darasani: amri ya Kiingereza ya kukaa kushoto ilisikika kama nomino yenye kiambishi ki-, ikapata wingi wake, vipilefti. Msemaji wa Dar hasikii tena amri hiyo ndani ya neno. Lakini kila sentensi inayolizunguka neno hilo kitabuni inachukulia kwamba gari liko kushoto mwa barabara. Kwetu gari hukaa kuume. Ukiifuata sentensi hiyo hapa Goma, utakutana na lori uso kwa uso.

Bunagana inatufundisha somo hilo vizuri kuliko darasa. Dereva anayetoka Mombasa hukaa kushoto Kenya nzima na Uganda nzima, akivuka barieri anahamia kuume. Gari ni lilelile na Kiswahili chake kinaendelea kueleweka. Kilichobadilika ni kazi ya kushoto na kuume. Tena wengi wetu husema «kuume», kwa sababu «kulia» ya vitabuni hapa ni kutoa machozi. Kwa neno kama hilo, kosa la tafsiri halipunguzi alama za mtihani tu. Linavunja mguu wa mtu.

Kwa hiyo napendekeza kazi ya kitivo. Kila mwaka tunaandika kazi za mwisho wa masomo juu ya methali na majina ya watu, na ni vema. Mbili kati yake ziwe juu ya kanuni za barabara kwa Kiswahili cha Goma. Zichague sentensi ishirini, ziandikwe kwa maneno yaliyopo tayari mjini: rompuani, priorite, rulaji, kuume. Ziandikwe pamoja na mwalimu wa sheria, ili tusibuni kanuni. Kisha zisomwe kwa sauti kwenye vituo vya moto, na sentensi ambayo motari hakuielewa mara ya kwanza ifutwe. Zikikamilika, zipelekwe redioni, maana wengi watazisikia kabla ya kuzisoma.

Nitaambiwa kwamba dereva anayeijua kanuni bado anaweza kuivunja. Ndiyo, anaweza. Lakini kanuni inayojulikana kwa wote humpa abiria aliye nyuma ya moto neno la kusema, na humpa aliyesimamishwa barabarani uwezo wa kuuliza amevunja nini hasa. Leo wote wawili hunyamaza, mmoja kwa kuogopa na mwingine kwa kutojua.

Sentensi ishirini hazitaongeza barabara hata moja. Zitawapa wanne wale waliofika pamoja rompuani jibu moja la swali lao, na hilo ni jambo ambalo kitivo cha lugha kinaweza kulifanya mwaka huu, bila kungoja lami.