Mzee wa Kliniki ya Akili Naye Ana Mwili

Kuna imani imekita mizizi majumbani kwetu na, kibaya zaidi, hospitalini kwetu: kwamba mtu mwenye faili la magonjwa ya akili akilalamika maumivu, hayo ni yale yale yake. Akisema kifua kinambana, anaweweseka. Akigoma kula, ugonjwa umempanda. Akiwa mzee ndiyo kabisa: uzee juu ya wazimu, mtamfanyaje? Imani hii ni ya uongo, na inaua.

Hapa Mbezi Beach nimemwona mzee wa miaka 70 na ushee akizunguka uani usiku, kashika tumbo la chini, akisema ndani kuna mtu anamkanyaga. Watoto wako mbali. Anayemhudumia ni dada wa kazi, binti mdogo anayempimia vidonge kwenye kifuniko cha chupa ya maji. Akapiga simu, akaambiwa aongeze kidonge cha usiku. Akaongeza. Mzee akaanza kutotambua watu. Kituo cha kwanza walipoiona kadi yake ya kliniki ya akili wakamrudisha mlangoni: mpelekeni kwa daktari wake. Kituo cha pili, nesi aliweka mkono tumboni, akauliza amekojoa lini.

“Matone tu tangu juzi, nesi,” dada akajibu. “Mimi hawakuniuliza.”

Wakamwekea mpira wa mkojo, mfuko ukajaa. Kesho yake mzee alikuwa anaita kila mtu kwa jina. Hapakuwa na wazimu mpya pale. Palikuwa na tezi dume iliyokua, na amitriptilini, dawa ambayo kwa mwanaume wa umri ule inaweza kuziba mkojo. Kile kidonge cha nyongeza kilikuwa hicho hicho.

Sisemi dawa ziachwe. Zimewarudisha watu wengi kwenye maisha yao. Ila mwili unazilipia. Klopromazini hushusha presha mtu anapoinuka: bibi anaamka alfajiri kwenda chooni, anaanguka, nyonga inavunjika. Olanzapini huongeza uzito na sukari. Anayetumia lithiamu lazima figo zake zipimwe mara kwa mara. Nyingine hufunga choo mpaka utumbo unaziba. Mgonjwa anayetumia dawa hizi ndiye alipaswa kupimwa kuliko wenzake wote, na ndiye tunayempima kidogo kuliko wote. Shirika la Afya Duniani linasema watu wenye magonjwa makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 kabla ya wengine, na sehemu kubwa ya vifo hivyo husababishwa na maradhi ya mwili yanayozuilika.

Na mzee aliyebadilika ndani ya siku mbili, jana anaongea vizuri, leo hajui yuko wapi, msimwambie mtu kuwa huo ni uzee. Uzee hauji kwa siku mbili. Tafuteni malaria, nimonia, UTI, sukari iliyoshuka.

Nitaambiwa wataalamu wa akili ni wachache na foleni ni ndefu. Ni kweli. Lakini kufunga mkanda wa presha mkononi hakuhitaji bingwa, na kipimo cha sukari ni tone la damu. Tuna Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003. Hospitali zetu zina dirisha la wazee. Mzee huyo huyo, akishika kadi ya kliniki ya akili, anakuwa kama vile dirisha lile halimhusu.

Kila kliniki ya akili Kinondoni, Temeke na kwingineko iwe na mashine ya presha, mizani na kipima sukari, na mzee asiandikiwe dawa za mwezi mwingine kabla namba hizo tatu hazijaingia kwenye faili. Anayemlaza na kumwamsha, hata kama ni dada wa kazi wa miaka 19, aitwe ndani na aulizwe mzee anakula nini, anapataje choo, anakojoaje. Na kituo kinachomrudisha mgonjwa mlangoni kwa sababu ya kadi aliyoshika kikajieleze kwa Mganga Mkuu wa Manispaa.