Pumzi ya Mzamiaji Katika Gari la Wagonjwa

Ndege ya Precision Air ilipotumbukia katika ziwa Viktoria, Bukoba, asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, wakafa watu 19 kati ya 43 waliokuwamo, na wavuvi kwa mitumbwi na makasia yao wakawa ndio wa mwanzo kuwafikia majeruhi, hapakuwa na mtu wa Kagera asiyetambua faida ya kuwa na wazamiaji wenye vyombo kamili. Lakini wilaya ya Ngara haina ufuko katika ziwa hilo, na ule wa Biharamulo ulikwenda na Chato ilipotengwa, kwa hiyo aghalabu watu wa huko huona kwamba habari za wazamiaji haziwahusu. Mimi naona zinawahusu sana, tena nchi kavu, barabarani.

Mtungi mdogo wa oksijeni uwekwao katika gari la wagonjwa, wenye lita 680, ukifunguliwa kwa kiasi cha lita 10 kwa dakika, kama inavyompasa majeruhi mahututi, hukwisha kwa saa moja na dakika 8. Na mgonjwa aliyepewa rufaa kutoka Ngara kwenda hospitali ya Bugando, hata sasa ambapo daraja la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limemwondolea dereva adha ya kungoja kivuko, atakuwa mtungi wake umemwishia kabla hajaivuka Biharamulo. Lililo la ajabu ni kuwa katika lita hizo 10 mwili wa mtu mzima aliyelala hautumii ila kadiri ya robo lita kwa dakika. Zote zilizobaki hutoka kandokando ya barakoa na katika pumzi anazozishusha, zikapotea bure ndani ya gari.

Israfu hiyo wazamiaji waliitafutia dawa zamani. Mwaka 1878 Mwingereza Henry Fleuss, aliyekuwa baharia wa meli za biashara, alibuni chombo ambacho pumzi itokayo kinywani haitupwi, bali hupitishwa katika dawa ifyonzayo kaboni dioksidi, ikaongezwa oksijeni kidogo kufidia iliyotumika, kisha ikarudi kuvutwa tena. Na mwaka 1880 mzamiaji Alexander Lambert alikivaa chombo hicho akaingia gizani katika handaki la mto Severn lililofurika maji, akaufunga mlango wa chuma ambao hakuna aliyeweza kuufikia. Maarifa hayo hayo, yakipandishwa kutoka majini, yamekwisha kutengenezewa vifaa vya huduma ya kwanza kwa mahali palipo mbali na hospitali: mfuko wa mpira, mirija miwili, barakoa iliyobana uso barabara, na kopo la chokaa ya soda, ambayo wataalamu wetu wa nusukaputi wanaijua vyema kwa kuwa imo katika mashine zao. Kwa kifaa hicho mtungi uliokuwa ukiisha kwa saa moja hudumu saa kadhaa, na kinachotangulia kwisha ni chokaa.

Hata hivyo, sharti niseme wazi, maana mafundi wetu ni hodari na uhodari una khatari zake: asitokee mtu akachukua vali ya mzamiaji akaifunga katika mtungi wa oksijeni. Hewa ya mzamiaji wa kawaida ni hewa hii hii tuivutayo, yenye asilimia 21 tu ya oksijeni, na vyombo vyake hupakwa grisi isiyo na madhara katika hewa hiyo. Lakini oksijeni tupu, ikitoka kwa ghafula katika mtungi wenye kanieneo kubwa, huliwasha tone la mafuta au chembe ya vumbi, na moto ukishashika hula hata chuma. Mchomeleaji yeyote wa Biharamulo mjini aliyefunzwa kazi atakwambia kwa nini haigusi koki ya oksijeni kwa mikono yenye oili.

Wala kifaa chenyewe si cha kila mgonjwa. Asiyepumua huhitaji kupulizwa kwa mfuko wa mkono kwanza. Mtoto mchanga mwenye nimonia hutosheka na kiasi kidogo apitishiwacho puani. Na chokaa iliyochoka humsonga mgonjwa kimyakimya, kwa hiyo muuguzi lazima aitazame rangi yake inavyobadilika, asimwachie dereva kazi hiyo.

Basi naziomba halmashauri za Ngara na Biharamulo, zitakapokaa kupanga bajeti ijayo, ziiulize Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ni kifaa gani cha namna hii kinachoruhusiwa kuingizwa nchini, zikinunue kilichotengenezwa na kuthibitishwa, kimoja kwa kila gari la rufaa, pamoja na akiba ya chokaa, na zimpeleke muuguzi mmoja wa kila zamu akafundishwe kukitumia kabla gari halijatiwa mafuta ya safari ya kwanza.