Besi Ikikoroma, Tusimlaumu Mpigaji

Fedha za korosho zikiingia, Nachingwea na Ruangwa hazilali. Ni harusi, kipaimara, tamasha la kwaya. Spika zinakodiwa, jenereta inawashwa, sare zinapigwa pasi. Halafu besi inaanza: ngurumo isiyo na noti, nyuzi zinagonga chuma, na kila mpigaji anapopanda juu ya shingo, sauti inaachana na waimbaji. Fundi mitambo anaizima kimyakimya. Lawama zinamwangukia kijana aliyeshika gita.

Mara nyingi kijana hana kosa. Gita halijarekebishwa tangu litoke dukani, na kamati inachangisha ili inunue spika kubwa zaidi. Spika kubwa itakuza kasoro ile ile.

Mtengenezaji wa magita Leo Fender alipotoa besi ya Precision mwaka 1951, aliipa freti, yaani vipande vya chuma vinavyokatiza shingo, ili mpigaji apate noti kamili bila kubahatisha. Skrubu zilizopo kwenye magita ya aina hiyo ni za kurekebishia, si za urembo. Kazi inaanzia kwenye shingo. Huo ni mti unaovutwa na nyuzi nne usiku na mchana, na ndani yake mna fimbo ya chuma ya kuupinga mvuto huo. Kwetu kusini mti huo hunywa unyevu wa mvua kuanzia Desemba, kisha hukauka kiangazi kizima. Lazima ujipinde.

Kupima ni rahisi. Tyuni gita kwanza. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza, na mkono wa pili ubonyeze pale shingo inapoungana na mwili. Tazama freti ya 7 au ya 8: pabaki mwanya wa karatasi ngumu, kama milimita 0.3. Mwanya ukizidi, fimbo inakazwa, usipokuwepo, inalegezwa. Robo mzunguko tu, kisha tyuni na upime tena. Anayekaza kama nati ya trekta ataikata fimbo, na hapo hakuna fundi wa karibu wa kumwokoa.

Kimo cha nyuzi kinapimwa kwa rula ya mtoto wa shule, juu ya freti ya 12: milimita 2 kwa uzi mwembamba, 2.5 kwa mnene. Zikiwa chini mno zitagonga. Zikiwa juu mno, ibada ya muda wa saa tatu itamaliza vidole.

Lile tatizo la sauti kuachana na waimbaji dawa yake iko kwenye daraja, kwenye vile vyuma vidogo vinavyobeba nyuzi. Gusa uzi kidogo juu ya freti ya 12, upige, usikie. Kisha bonyeza freti hiyo hiyo, upige tena. Noti ya kubonyeza ikiwa juu zaidi, rudisha chuma nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Programu ya bure ya simu inatosha kupimia, ila uzi mnene wa E ukiachwa wazi una mitetemo 41 tu kwa sekunde na simu nyingi haziunasi vizuri. Ile sauti ya kugusa freti ya 12 iko oktavu moja juu, simu itaisikia.

Wapo wanaochemsha nyuzi zilizochakaa kwenye sufuria. Hatuwacheki, maana nyuzi hung'aa kweli, lakini kwa siku chache tu. Seti mpya ndiyo inayorudisha sauti, na bei yake haikaribii ya spika.

Ruangwa, wilaya iliyoifikisha timu yake ya soka ya Namungo kwenye makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21, haiwezi kushindwa na bisibisi na ufunguo wa pembe sita. Tunaziomba kamati za kwaya na viongozi wa bendi, Nachingwea na Ruangwa, watenge fedha za nyuzi kila mwaka, wamteue kijana mmoja ajifunze kazi hii, na gita lipimwe mara mbili: mvua zikianza na zikikatika. Michango ya spika mpya isubiri mpaka hayo yafanyike.