Ushindi Usiohesabu Maiti



Likizo iliyopita mwanafunzi mmoja alipanda Rurambo kutoka Uvira akiwa na kompyuta, na baada ya Misa ya Dominika wenzake wakamzunguka kutazama mchezo. Sisi wakubwa tulikwenda pale na karipio tayari mdomoni, kwa kuwa miaka mingi tumewafundisha kwamba michezo ya namna hiyo hula muda, hula pesa, na huyazoesha macho kuona damu. Neno hilo hatujalifuta. Lakini siku ile tulikaa mpaka betri ikaisha, huku kijana akitufasiria Kiingereza cha mchezo, na karipio letu halikutoka.

Mchezo wenyewe unaitwa Undertale. Ulitolewa tarehe 15 Septemba 2015 na Toby Fox, kijana wa Marekani, aliyeandika hadithi, muziki na programu karibu peke yake, akisaidiwa katika picha na Temmie Chang. Hakuwa na kampuni kubwa nyuma yake. Mwaka 2013 watu wa kawaida walimchangia zaidi ya dola 51,000. Picha zake ni za vimraba vidogo, mfano wa zile za mashine za biti 16 za miaka ya 1990, kwa maana Fox aliipenda tangu utotoni EarthBound, mchezo uliotungwa Japani na kufika Marekani mwaka 1995.

Katika michezo mingi ya ukoo huo, mchezaji humwongoza msafiri ambaye kila mara hukutana na adui njiani. Humpiga mpaka amwue, naye hupewa alama. Alama zikitimia, cheo chake hupanda na uhai wake huongezeka, ili aweze kumwua adui mkubwa zaidi. Hakuna anayeuliza adui alikuwa akienda wapi, wala nani anamngoja nyumbani.

Undertale umeligeuza jambo hilo. Mtoto ameanguka chini ya mlima, katika nchi ya viumbe wa kutisha, na kila anapokutana na mmoja wao huwekewa vitufe vinne: kupiga, kutenda jambo, kutumia kitu alichobeba, na huruma. Anaweza kuufikisha mchezo mwisho bila kumwua hata mmoja. Ila kitufe cha huruma mara nyingi hakifanyi kazi mpaka kwanza amjue adui yake. Mmoja anangoja mtu wa kucheka utani wake. Mwingine, mbwa mwenye upanga na ngao, anataka kupapaswa tu. Na wakati mtoto anajaribu kuwaelewa, wao wanaendelea kumshambulia, naye hana budi kukwepa na kuvumilia.

Anayesamehe hapati alama. Cheo chake hubaki cha kwanza, na uhai wake hubaki 20, toka mwanzo hata mwisho. Anayeua hupanda. Ni karibu na mwisho tu ndipo mchezaji hufunuliwa kwamba alama zile, alizozidhania kuwa za uzoefu, zilikuwa hesabu ya aliowaua, na kwamba cheo kilikuwa kipimo cha ukatili wake. Tena mchezo una kumbukumbu: ukiua, kisha ukajuta na kuanza upya ili usamehe, yupo atakayekukumbusha ulichofanya mara ya kwanza.

Mwezi wa Mei 2016, katika Mwaka wa Yubile ya Huruma, Mmarekani Matthew Patrick, mtengenezaji wa video zinazofafanua michezo, alifika Vatikano akampa Papa Fransisko mchezo huu kama zawadi. Zawadi ile haikuugeuza mchezo kuwa katekisimu. Yatosha kwetu kwamba mtu alipotafuta kitu cha kumpelekea Papa katika mwaka ule, alichagua mchezo ambamo adui huachwa hai.

Vijana wa Rurambo, ninyi mnajua kwa nini jambo hili lilitugusa. Katika milima yetu nako viko vyeo vinavyopatikana kwa bunduki. Mvulana aliyeshindwa kulipa karo huingia msituni, na baada ya muda mfupi huitwa kapteni. Na sisi wazee hatuna mikono safi. Jioni, karibu na moto, tumewafundisha watoto hesabu nyingine: ng'ombe wangapi walichukuliwa, nyumba ngapi zilichomwa, na ni watu wa kabila gani waliofanya hivyo. Hesabu ya maiti wetu tuliitaja. Hesabu ya maiti wao hatukuitaja. Sisi tuliosomea ualimu tulipaswa kujua kwamba mtoto hujifunza kile kinachohesabiwa.

Wako watakaosema kwamba huruma ya kwenye kompyuta haina gharama. Ni kweli. Kule adui hulainika ukimtendea ipasavyo. Huku anaweza asilainike kamwe. Wala huruma haimwondolei aliyechoma nyumba wajibu wa kujibu kwa alilotenda. Hata hivyo, kabla mtu hajatenda jambo kwa mikono, hulizoeza moyoni. Kwa hiyo hatuwaulizi tena tu mnacheza saa ngapi. Tunawauliza: mchezo huo huita kitu gani ushindi?

Wala msidhani kwamba kazi ya kutunga michezo ni ya watu wa mbali. Lual Mayen, mwana wa Sudani Kusini, alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka 3 mpaka akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta, naye alitembea saa 3 kwenda kuichaji. Alijifundisha mwenyewe, akatunga mchezo uitwao Salaam, ambamo mchezaji ni mkimbizi anayekimbia vita na kutafuta maji, chakula na dawa. Mwaka 2018 aliheshimiwa kwa kazi hiyo nchini Marekani. Ninyi nanyi mmewahi kukimbia usiku na godoro kichwani. Mnayo ya kusimulia.

Basi, kabla ya mkutano ujao wa kikundi, kila mmoja atafute jambo moja la kweli kuhusu kijana wa kilima kile tunachokiogopa: anaitwa nani, anasoma wapi, anacheka nini. Lisiwe jambo la kusikia tu. Aulize mwenyewe, sokoni au njiani. Tutaanza mkutano kwa kuyataja majina hayo. Sisi wakubwa nasi tutaleta letu moja, na huenda likatuchukua muda mrefu kuliko ninyi.