Sufuria ya presha haifai kukaa juu ya kabati

Nimepokea barua ya mama mmoja wa mtaa wa Umoja, hapa Nairobi. Anasema bintiye alimnunulia sufuria ya presha alipopata mshahara wake wa kwanza. Ni miaka miwili sasa na chombo hicho kingali ndani ya katoni yake juu ya kabati la nguo. Mama anaogopa. Zamani alisikia sufuria kama hiyo ikilipuka kwa jirani, na tangu siku hiyo hataki hata kuiona ikiwa motoni. Wakati huo huo analalamika kwamba nyumbani kwake hakupikwi tena githeri wala maharagwe kwa sababu mtungi wa gesi haufiki mwisho wa mwezi. Ni ugali na sukuma wiki Jumatatu hadi Jumamosi, na kitinda mimba ameanza kuacha chakula sahanini. Sasa anauliza: amrudishie bintiye zawadi yake, au ampe kijana wake aliye chuo kikuu aende nayo huko alikopanga chumba?

Usimpe mtu, mama. Lakini sitakucheka kwa kuogopa, maana mimi mwenyewe nina kisa.

Mwaka nilioolewa, nilikuwa nikipika maharagwe na wageni wa upande wa mume wangu walikuwa wameshaketi sebuleni. Firimbi ya sufuria ilinyamaza, nami nikadhani mvuke umekwisha. Mdogo wangu akashika mpini, mimi nikashika upande wa pili, tukavuta kwa nguvu. Kifuniko kiliruka hadi darini na mchuzi wa moto ukamwagikia mkono wake. Kovu angali nalo. Kwa miaka mingi nililaumu ile sufuria. Ukweli ni kwamba firimbi ilinyamaza kwa sababu ganda la haragwe lilikuwa limeziba tundu la mvuke, na lilifika huko kwa kuwa nilikuwa nimeijaza sufuria hadi juu ili wageni watosheke.

Kwa hivyo la kwanza ni kiasi. Vyakula vingine havipasi kuzidi theluthi mbili za sufuria. Maharagwe, ndengu, mahindi na vyote vinavyofura au kutoa povu, nusu tu. Tia na kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia ili povu lisipande. La pili, kila kabla ya kupika, inua kifuniko kwenye mwanga na uchungulie katika lile tundu. Ukiona mwanga upande wa pili, endelea. Usipouona, lizibue kwa njiti na ulioshe. Kazi hii haichukui hata dakika moja, na lau ningeifanya siku ile mdogo wangu asingekuwa na kovu.

La tatu ni subira wakati wa kufungua. Zima moto, uiache sufuria dakika 10 hadi 15 ipoe yenyewe. Kisha gusa firimbi kwa kijiko. Ikilia “sss”, bado. Ikiwa kimya, inua kifuniko kikielekea mbali na uso wako. Kifuniko kikikataa kufunguka, kinakwambia kwamba mvuke ungali ndani, usishindane nacho. Wako wanaoiweka chini ya mfereji wa maji baridi ili ipoe upesi. Hilo linakubalika kwa sufuria ya kawaida ya jikoni yenye nyama, lakini ile ya stima isiguswe na maji hata kidogo.

Mpira wa kifuniko nao huzeeka. Mvuke ukianza kupenya kandokando, nunua mwingine wa kipimo hicho hicho. Tena ipo ile valvu ndogo ya usalama juu ya kifuniko, ambayo hufunguka yenyewe joto au presha ikizidi. Nimewahi kuona sufuria ambayo valvu yake ilizibwa kwa kipande cha chuma baada ya ile ya kwanza kuharibika. Hiyo si sufuria tena, ni bomu. Mfaransa Denis Papin, aliyeonyesha chombo cha aina hii mjini London mwaka wa 1679, ndiye pia aliyebuni valvu ya usalama, kwa kuwa aliijua hatari yenyewe.

Sasa tuje kwenye gesi. Maji ya Mombasa huchemka kwa nyuzi 100. Hapa Nairobi, kwa vile tuko juu sana, huchemka kwa nyuzi 95 hivi, na kule Nyahururu hata chini ya hapo. Ndiyo maana shangazi yako wa pwani akija mjini hulalamika kwamba maharagwe ya huku ni magumu. Maharagwe hayana kosa. Maji yetu huchemka kabla hayajapata joto la kutosha. Sufuria ya presha huufungia mvuke ndani, na joto likapanda hadi karibu nyuzi 120. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha, ambayo kwa sufuria ya kawaida yangekula saa mbili za moto, huiva kwa dakika 20 hadi 25. Tena si moto mkali. Firimbi ikianza kulia, punguza moto hadi mvuke utoke kidogo kidogo, na uanze kuhesabu dakika hapo. Wengi huuacha moto ukiwaka kwa nguvu hadi mwisho, halafu hushangaa mbona gesi haipungui kuisha.

Kwa sababu hiyo hiyo simshauri mtu kutumia sufuria hii kwenye jiko la makaa. Makaa hayapunguziki ghafla.

Tujaribu githeri. Kwa sufuria ya lita tano, loweka vikombe viwili vya mahindi makavu na kikombe kimoja cha maharagwe tangu jioni. Asubuhi mwaga maji hayo, suuza, tia maji mapya yapite chakula kwa vidole viwili, na kile kijiko cha mafuta. Funga. Hesabu dakika 45 tangu firimbi ilie. Ukipenda maharagwe yasipondeke, yapike mahindi peke yake dakika 20 kwanza, uiache sufuria ipoe, ufungue, uongeze maharagwe, ufunge tena kwa dakika 25. Mimi huona ni usumbufu, lakini baba watoto hapendi haragwe lililopasuka. Kisha kaanga vitunguu, nyanya na viazi pembeni, umimine githeri, uache vichemke pamoja kifuniko kikiwa wazi. Chumvi na dania mwisho.

Magadi hayahitajiki. Tuliyatia zamani ili kulainisha, na hulainisha kweli, lakini huharibu vitamini B1 iliyomo ndani ya chakula. Joto la sufuria linatosha.

Nyama ya ng'ombe ya mchuzi hutaka dakika 25, matumbo 35, na jogoo mzee wa kienyeji 35 hadi 40. Ndengu zilizolowekwa, dakika 10 tu. Sukuma wiki usijaribu; utapata uji wa kijani.

Wanafunzi nao nina neno nao. Maharagwe mekundu yasiyoiva vizuri yana sumu iletayo kutapika na kuhara. Joto la chini haliiondoi. Ni lazima yachemke hasa, si chini ya dakika 10, baada ya kulowekwa saa tano au zaidi na maji kumwagwa. Kwa hiyo ukiwa na sufuria ya stima, tumia sehemu ya presha, si ile ya kupika polepole. Sufuria ya wati 1,000 ikifanya kazi saa nzima bila kupumzika hutumia yuniti moja ya stima, nayo hupumzika mara nyingi, maana hujizima joto likitosha. Wanafunzi watatu wakichanga, sufuria moja ya maharagwe huwalisha siku mbili, wakiyahifadhi kwenye friji. Bila friji, pikeni ya siku moja.

Mama wa Umoja, anza na maji matupu. Tia vikombe vitatu, funga, washa, usikilize firimbi ikilia ukiwa umesimama mlangoni ukitaka. Zima, ngoja, fungua. Rudia kesho yake. Siku ya tatu pika ndengu, ya nne uloweke mahindi. Kijana wa chuo akija likizo mpikie githeri hiyo, kisha mwambie sufuria ni ya mama yake. Nawe ukipata nafasi niandikie, uniambie kama kitinda mimba amemaliza sahani.