Wambuti Si Mbilikimo

Nyahanga, katika mji wa Kahama, si mahali pa mwisho wa safari. Malori yatokayo Dar es Salaam na katika bandari ya nchi kavu ya Isaka hupita Kahama yakielekea Rusumo, na baadhi ya mizigo huishia mashariki ya Kongo. Dereva, mama muuza chai na mnunuzi wa dhahabu, kila mmoja ana lugha ya kwao, lakini wakutanapo lugha yao ni Kiswahili. Wala si jambo geni. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi na wa Kisukuma walibeba mabegani pembe za ndovu kutoka magharibi ya mbali hadi Bagamoyo, na kutoka Bagamoyo pembe zikavushwa hadi Unguja. Misafara hiyo ilikuja na habari za watu wa msitu mkubwa, na Kiswahili kikawafungia watu hao katika neno moja: mbilikimo.

Neno hilo lingali hai, na wenye kulitumia hawaoni haya. Kamusi hulieleza kwamba ni mtu mfupi sana. Watafsiri wa hadithi za Ulaya huwapa jina hilo wale vibeti saba wa ngano za watoto. Kisha mwandishi wa gazeti, apatapo habari ya Ituri, hulichukua neno hilo hilo na kumbandika mwananchi wa Kongo mwenye mke, watoto na kadi ya kura. Hivyo mtu wa ngano na mtu wa nyama na damu wanakuwa kitu kimoja, na mtu wa ngano, kama ijulikanavyo, hana ardhi anayoweza kudai.

Hilo ndilo shitaka, wala si suala la adabu ya maneno tu. Mtu aitwaye kwa kimo chake amekwisha kunyimwa jina, na asiye na jina ni rahisi kuambiwa kwamba pale alipo hapana mtu.

Watu wenyewe wana majina. Wako Wambuti, wako Waefe, wako Waasua. Msitu wao ni wa Ituri, na mto wa Ituri huupasua msitu huo kuelekea magharibi, ukapokea Nepoko, ukabadili jina kuwa Aruwimi, hata ukamwagika katika Mto Kongo karibu na Basoko. Mto Kongo una urefu wa kilomita zipatazo 4,700, na kwa wingi wa maji unashindwa na Amazon peke yake. Mvua ya msitu ule ndiyo maji ya mto ule. Wambuti huwinda kwa nyavu zilizosokotwa kwa nyuzi za mimea ya msituni, wanaume wakizishika nyavu na wanawake wakiwaswaga wanyama; hujua majira ya asali; hubadilishana nyama na ndizi na vyuma kwa jirani zao wakulima, Wabira na Walese. Msiba uingiapo kambini huimba usiku ili kuuamsha msitu, maana kwao msitu ni baba na mama, na mzazi hawezi kuwatupa wanawe ila akiwa amelala. Watu wenye itikadi ya namna hiyo huitwaje washenzi?

Wasomaji wa visiwani wasidhani kwamba kesi hii ni ya Wazungu peke yao. Mwaka 1887 Stanley alipoupanda Aruwimi, nguvu za msafara wake zilikuwa mamia ya Waunguja. Na huko msituni aliwakuta waungwana wametangulia: Ugarrowwa na Kilonga-Longa walikuwa na kambi zao za pembe kandokando ya Ituri. Kiswahili cha Kongo kikaitwa Kingwana kwa sababu ya watu hao. Mwaka 1889 msafara wa Stanley ulirejea pwani kwa kupitia Usukuma, kusini ya ziwa. Basi njia ya kutoka Ituri hadi baharini ilipita katika nchi hii hii, na lugha iliyobeba pembe haina budi ikubali kubeba na sehemu yake ya lawama.

Wazungu nao walifanya yao. Mnyama aitwaye okapi Wambuti walimjua tangu na tangu. Harry Johnston, aliyekuwa akiitawala Uganda kwa niaba ya Waingereza, alipata habari zake kwa Wambuti waliokuwa wametekwa ili wakaonyeshwe Paris. Mwaka 1901 mnyama huyo alitiwa katika vitabu vya sayansi kwa jina la Johnston, na jina hilo analo hadi leo. Mjuzi alipata nini? Miaka mitano baadaye Ota Benga, kijana aliyetoka misitu ya upande wa Kasai, mto mwingine umwagikao katika Kongo, aliwekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, New York, watu wakaja kumtazama. Alijiua mwaka 1916. Wenye bustani waliomba radhi mwaka 2020.

Waweza kusema hayo ni ya kale. La. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilipoanzishwa mwaka 1970, Watwa waliokuwa wakiishi humo walitolewa. Ilibidi kungoja hadi mwaka 2024 ndipo Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipotangaza uamuzi wake kwamba haki zao zilivunjwa. Wakati wa vita vya Ituri, mwaka 2003, Sinafasi Makelo, mwakilishi wa Wambuti, alikwenda Umoja wa Mataifa kueleza kwamba watu wake wanawindwa kama wanyama. Mwindaji hamwindi mwenzake. Humwinda yule aliyekwisha kufundishwa kwamba si mwenzake.

Katika Hifadhi ya Okapi, iliyoanzishwa mwaka 1992, Wambuti waliachiwa kukaa. Ni jambo jema. Lakini dhahabu imewafuata humo humo, na Ituri inachimbwa. Mtu wa Kahama au wa Geita hahitaji kufunzwa maana yake: anajua zebaki inavyoikamata dhahabu, na anajua kwamba zebaki huteremka na maji hata ikaingia katika samaki, na katika samaki ikamwingia mlaji. Anajua pia jinsi jina linavyotangulia amri. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu. Tangu kale mchimbaji wa namna hiyo huitwa mvamizi, na aitwaye mvamizi haulizwi alifika lini. Kwa nini basi mtu wa ukanda huu, anayeumwa na neno mvamizi, alitamke neno mbilikimo huku akicheka?

Wako watakaosema kwamba Wambuti nao wanataka shule, hospitali na barabara. Ndiyo, wanazitaka, na wanastahili. Hakuna aombaye wafungiwe msituni kama mali ya makumbusho. Kinachoombwa ni kwamba shule isiwe bei ya kuuzia msitu, na kwamba watoto wao wasifike darasani wakakuta tusi ndani ya kitabu. Kongo yenyewe imepitisha sheria ya kuwalinda watu hawa mwezi Julai 2022. Sheria inapokwisha kumtambua mtu na lugha ikakataa, lugha ndiyo iliyobaki nyuma.

Wahenga walisema: Mgala muue na haki yake mpe. Methali hiyo husifiwa kwa uadilifu wake, lakini itazamwe vizuri: inaruhusu kuua kwanza, haki ifuate. Hivyo ndivyo walivyotendewa watu wa msituni, na haki yenyewe ikachelewa miaka 50.

Yanayotakiwa kwa watu wa kalamu ni machache na hayagharimu fedha. Wahariri wa kamusi waandike kwamba neno mbilikimo ni la dharau likitumiwa kwa taifa la watu. Watafsiri waliache kwa vibeti wa ngano. Na siku habari ya Ituri itakapofika tena katika chumba cha habari, Unguja au Dar es Salaam, mwandishi aulize kwanza watu hao ni Wambuti, Waefe au Waasua, kisha aandike jina lao.